Mlinzi Aliyeacha Kupiga Saluti

Jina lake la utani lilikuwa Saluti. Hakulipenda wala hakulichukia. Alilikuta tu siku moja limeshamkaa, kama mtu anavyogundua kifungo cha shati kimefunguka wakati kila mtu ameshakiona kabla yake. Alikuwa mlinzi wa geti kwenye jengo moja la ofisi. Chini kulikuwa na daktari wa meno, juu yake mawakili, juu yao kampuni ya bima, na juu kabisa ofisi ya watu ambao hakuna aliyejua hasa wanafanya nini, ila kwa kuagiza maji ya kunywa walikuwa hawajambo.

Kazi yenyewe haikuwa na mambo mengi. Gari likija, Saluti anatoka kibandani, analizunguka na kile kioo chenye mpini mrefu cha kutazamia uvunguni, akiridhika anainua kizuizi. Mkono wa kushoto unainua kizuizi, na mkono wa kulia, hapo ndipo jina lilipotoka, unapanda ghafla, vidole vimenyooka kama rula, unagota ukingo wa kofia na kutulia hapo. Mgongo wima. Midomo imebanwa. Macho yamemtoka, yanatazama mbali kama ya mtu anayesikia wimbo wa taifa.

Watu waliipenda saluti ile. Daktari wa meno alikuwa anairudisha kwa mkono ulioshika ufunguo wa gari. Mkuu wa kampuni ya bima, mama mmoja mwembamba wa mwili lakini mnene wa sauti, ambaye jengo zima lilimwita Mama Bima, alishusha kioo cha nyuma cha gari lake na kuitikia kwa kichwa, taratibu, kama anayekagua gwaride. Wageni waliuliza kama yule dada aliwahi kuwa jeshini. Mlinzi mwenzake, bwana mmoja mrefu aliyeitwa Kipenga kwa ajili ya mluzi wake, aliwajibu kwamba ndiyo, tena alikuwa na cheo kikubwa, ila hapendi kuzungumzia. Kipenga alikuwa mtu wa kutia chumvi hata kwenye chai.

Ukweli ni kwamba Saluti hakuwahi kumpigia mtu yeyote saluti. Alikuwa anajikuna.

Mambo yalianza na kofia. Kofia ya kazi ilikuwa nzito, ya kitambaa kinachoshika joto, na kwa ndani ilikuwa na utepe wa plastiki uliobana kichwa kizima. Kabla ya kazi hii Saluti alikuwa mtu wa kujipenda. Akisuka leo, baada ya wiki mbili tatu anafumua, anaosha, anabadilisha mtindo. Alipoanza kushinda ndani ya kofia akajiuliza, kichwa cha chini ya kofia nani anakiona? Basi akawa anasuka twende kilioni, mistari yote ikielekea kisogoni ili kofia ikae vizuri, na akishasuka ndiyo kasuka. Mwezi unaisha, mwingine unaingia. Kuosha haoshi, anaogopa nywele zitafumuka. Mba zikitokeza anazipaka mafuta. Mba zikiongezeka, anaongeza mafuta.

Pakawa panawasha. Kibandani, kivulini, aliweza kuvumilia. Lakini gari likija lazima atoke juani, na jua likishaipiga kofia na jasho likachanganyika na yale mafuta, ngozi yote ya kichwa iliamka kama imemwagiwa upupu. Hasa pale juu ya sikio la kulia. Kuvua kofia mbele ya wateja hairuhusiwi. Kujikuna mbele ya wateja hairuhusiwi, tena ni aibu. Mwili wake ukabuni njia wenyewe: vidole vinanyooka, vinapenya chini ya ukingo wa kofia, vinabonyeza kwa nguvu na kusugua kidogo mno mtu asione, na kwa raha inayomjia, Saluti anabana midomo isije ikamtoka sauti. Ndiyo hiyo heshima iliyosifiwa jengo zima.

Nyumbani aliishi na mumewe, fundi wa makochi mwenye karakana uani, pamoja na mama mkwe wake, ambaye aliingia na kutoka kila chumba bila kubisha hodi kwa hoja kwamba nyumba aliijenga yeye. Chumba cha mbele, kinachotazama barabara, kilikuwa saluni ya wifi yake, dada wa mumewe. Wifi alikuwa na mikono miepesi na mdomo mwepesi zaidi. Ungedhani mtu mwenye msusi ndani ya nyumba kichwa chake kingekuwa tangazo la biashara. Lakini Saluti akirudi kazini amechoka, wifi naye ana wateja, na mambo yakawa yanasogezwa mbele. "Wiki ijayo, wifi." "Haya, wiki ijayo."

Kilichomuumbua ni mto wa kulalia. Mama mkwe, katika kuingia kwake bila hodi, alichukua foronya za kufua akazikuta zina mafuta na vidoa vidogo vya damu. Hakumuuliza mwenye mto. Alikwenda moja kwa moja saluni, foronya mkononi, wateja wamekaa.

"Mke wa kaka yako anatoka damu kichwani," alisema. "Ama kaka yako anampiga, ama kuna chawa. Nataka kujua ni kipi, nijue nani wa kumsema."

Fundi wa makochi akaitwa kutoka uani. Alikuja na misumari midogo imejaa mdomoni, akaitema kiganjani ndipo akajibu.

"Mimi nimpige yule? Mama, umeiona mikono yake? Yule anainua chuma kutwa nzima."

Kesi ikaahirishwa mpaka Saluti aliporudi. Hakupewa hata nafasi ya kuvua viatu. Wifi alimkalisha kwenye kiti, akamvua kofia, akaanza kufumua. Mwanzoni alikuwa anaongea. Alipofika katikati ya kichwa akanyamaza, na wifi kunyamaza lilikuwa jambo la kutisha.

"Wifi," alisema mwishowe, "hiki ni kichwa au ni shamba lililopitiwa na ngedere?"

"Osha, usuke tu, wifi yangu. Kesho kutwa naingia kazini."

"Sikusuki."

"Umesemaje?"

"Nimesema sikusuki. Nikisuka juu ya hivi vidonda, nitakuwa nakuzika ukiwa hai. Umejikuna na nini?"

Saluti akataja kwa sauti ndogo: kifuniko cha kalamu. Pini. Kucha. Mara moja, hali ilipokuwa mbaya sana, ufunguo wa kibanda.

"Ufunguo!" Mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni akijifanya hasikilizi. "Mwanangu, kichwa nacho ni kufuli?"

Palipochubuka palisubiriwa papone kwanza. Wifi alimpeleka zahanati, wakampa dawa ya kupaka, wakamwambia mafuta aache na kucha azikate. Kwa muda huo alivaa kofia yake juu ya nywele zilizobanwa kwa mpira tu, laini, bila kuvutwa. Ngozi ilipofunga, Jumamosi moja mchana wifi alimwita tena saluni, akafungua droo, akatoa kidude cha duara cha kujaa kiganjani, rangi ya waridi. Juu kilikuwa na kishikio cha kupitisha vidole. Chini kimejaa meno ya mpira, manene na laini, yanayopinda ukiyabonyeza.

"Hiki nini? Cha kusugulia sufuria?"

"Brashi ya kukandia kichwa. Inama."

Saluni haikuwa na sinki. Kulikuwa na beseni juu ya stuli, jagi la maji ya uvuguvugu, na taulo lililoanza kuchoka. Saluti aliinamisha kichwa juu ya beseni. Wifi akalowesha nywele, akatia shampuu, akalipandisha povu kwa vidole kwanza, kisha akashika brashi.

"Sikiliza, maana baadaye utafanya mwenyewe. Usiende mbele na nyuma kama unayepiga deki. Duara ndogo ndogo. Unaanzia kisogoni, unapanda polepole mpaka utosini, unakuja masikioni, unamalizia mbele. Meno yaguse ngozi, yasivute nywele. Bonyeza mpaka usikie ngozi yenyewe inasogea, basi, hapo panatosha. Ikiuma, ujue umezidisha."

"Na hapa mbele paliponyonyoka? Itaotesha?"

"Asikudanganye mtu. Inasafisha, inatoa hizo mba na mafuta yako ya mwaka juzi, na inakanda. Kuota zitaota zenyewe tukiacha kuzivuta."

Saluti alikuwa na swali jingine, lakini lilipotea njiani. Brashi ilikuwa imefika pale juu ya sikio la kulia. Kwa muda mrefu sehemu ile aliijua kama adui. Aliivamia kwa kalamu, kwa pini, kwa ufunguo, na kila alipoishambulia ilirudi na nguvu mpya. Sasa meno yale laini yalikuwa yanazunguka juu yake bila ugomvi wowote, na ile ngozi ikawa inalegea, ikafuata shingo, yakafuata mabega. Kidole gumba cha mguu kikaanza kucheza chenyewe ndani ya ndara. Mdomo ukafunguka. Tone la povu likamdondoka puani wala hakulifuta.

"Mbona amenyamaza?" mama mkwe akauliza kutoka mlangoni. "Amezimia?"

"Anasikia raha, mama."

"Raha gani hiyo ya kutoa mate?"

Tangu siku hiyo Saluti akawa na ratiba. Siku yake ya mapumziko anaosha, anatumia brashi kwa muda wa kawaida tu, si mpaka vidole vikunjamane, anasuuza mpaka maji yatoke meupe, anakausha vizuri ndipo wifi anasuka, tena mistari iliyolegea. Brashi nayo inaoshwa, inaanikwa dirishani meno yakitazama juu. Sheria ya wifi ilikuwa moja: kichwa cha mtu na brashi ya mtu. Sheria hiyo ilivunjwa mapema. Asubuhi moja Saluti alikosa brashi dirishani, akaitafuta chumbani, bafuni, mpaka akaikuta karakanani. Mumewe alikuwa amepiga magoti mbele ya kochi jipya la velveti, ameivaa vidoleni, anasugua kiti kwa duara ndogo ndogo.

"Mke wangu, tazama!" alisema, uso umemng'aa. "Velveti inalala upande mmoja kama manyoya ya paka!"

Ilibidi inunuliwe nyingine. Ile ya waridi ikabaki kuwa ya makochi, na mpaka leo wateja wake wanasema velveti ya fundi yule ni ya peke yake.

Kuwashwa kulipungua, kisha siku moja Saluti akakumbuka kwamba hajakufikiria tangu juzi. Akawa anatoka kibandani juani, anazungusha kioo chake, anainua kizuizi kwa mkono wa kushoto, na mkono wa kulia umetulia ubavuni kama mkono wa mtu yeyote. Alijisikia mwepesi. Alipiga hata mluzi, jambo ambalo Kipenga alilichukua kama uvamizi.

Hakujua kwamba jengo zima linamtazama.

Wa kwanza kuathirika alikuwa daktari wa meno. Aliingia asubuhi, mkono umeshapanda nusu kurudisha saluti, akakuta hakuna saluti ya kurudisha, ikabidi mkono uishie kwenye miwani. Mawakili walijadili jambo lile kwenye lifti. Mama Bima alishusha kioo cha gari, akatoa uso, akasubiri. Saluti alimtabasamia vizuri kabisa na kuinua kizuizi. Kioo kikapanda polepole, na nyuma yake uso umekunjamana.

Kipenga ndiye aliyeleta habari, maana hakuna neno lililopita getini bila kumpitia yeye. Alimkuta Saluti kibandani anakunywa chai.

"Dada, wamekuchambua huko juu kama pamba. Wengine wanasema una mimba na umeambiwa usinyanyue mkono. Wengine wanasema mumeo amepata zabuni ya makochi ya serikali, kwa hiyo mshahara wa hapa ni wa kununulia karanga. Dereva wa Mama Bima anasema umemdharau bosi wake."

"Mimi? Nimemfanya nini?"

"Ndiyo nakuuliza. Mimi nimekutetea. Nimewaambia umefiwa."

"Nimefiwa na nani?"

"Sikutaja. Nimeacha wazi."

Haikupita muda akaitwa na meneja wa jengo, kijana mpole aliyechukia ugomvi kiasi kwamba hata akikemea alianza kwa kuomba radhi. Alimkaribisha kiti, akapanga kalamu zake mezani, akazipanga tena.

"Samahani dada, kuna malalamiko kidogo."

"Nimefanya nini, bosi?"

"Hujafanya. Yaani hilo ndilo tatizo lenyewe. Zamani ulikuwa unapiga saluti, watu wanajisikia. Siku hizi hupigi. Mimi binafsi sina neno. Lakini kampuni yako ya ulinzi wakilalamikiwa, watakuhamisha, na wana lindo lao kule kwenye ghala la mbolea. Sitaki ufike huko."

Saluti aliufungua mdomo aseme ukweli. Akauona ukweli wenyewe ulivyo: bosi, sikuwa nampigia mtu saluti, nilikuwa na mba. Mdomo ukajifunga.

"Ni bega," alisema. "Bega linaniuma."

"Oh, pole sana!" Meneja alifurahi kupita kiasi kupata sababu isiyo na ugomvi. "Pole. Likipona basi."

Uongo ule ungekuwa mdogo kama ungebaki ofisini mwa meneja. Lakini mchana wake dereva wa Mama Bima alikuja kibandani na kifurushi. Ndani mlikuwa na dawa ya kuchua, na dereva akaongeza ujumbe wa mdomo: mama anasema pole na bega, anasema alikuwa hajui, anasema usiku upake mara mbili. Saluti alipokea kwa mikono yote miwili. Dawa ile aliiweka juu ya meza ya kibanda, ikamtazama kutwa nzima. Kama yule mama angemtukana, ingekuwa afadhali.

Akaamua: kama watu wanataka saluti, watapewa saluti. Muda wa chakula alimfuata Kipenga nyuma ya jenereta, mahali ambapo walinzi walipumzika.

"Nifundishe."

"Nikufundishe nini?"

"Saluti."

Kipenga alimtazama kama mtu aliyeombwa na samaki amfundishe kuogelea. "Si ni jina lako?"

"We nifundishe tu, kaka yangu, usiulize."

Walijaribu. Mkono ulipanda umechelewa. Ulipanda umewahi. Ulipanda kiwiko kikiwa chini, akaonekana kama anayekinga jua. Ulipanda kiganja wazi, akaonekana kama anayeapa mahakamani. "Bana midomo!" Kipenga aliagiza. "Toa macho! Zamani ulikuwa unafanya kama unaona malaika, sasa mbona kama unatafuta chenji?" Saluti alibana midomo, akatoa macho, akaanza kucheka, na mtu anayecheka hawezi kupiga saluti inayoeleweka. Kitu pekee alichokosa kilikuwa kile kilichomsumbua muda wote ule, na hakukitaka tena.

Kesho yake asubuhi jua lilikuwa limeshapanda nyuma ya kibanda. Gari la Mama Bima likakata kona. Saluti alilizunguka na kioo chake cha uvunguni, akainua kizuizi kwa kushoto, akavuta pumzi, na kwa mkono wa kulia akapiga saluti kubwa, ya nguvu zote, ya kufidia zilizokosekana.

Ila mkono wa kulia ulikuwa bado umeshika kioo.

Kioo kilipaa juu ya kofia yake, kikalikamata jua lote la asubuhi, kikalitupa usoni mwa dereva. Dereva akapiga kelele, akafunga macho, akakata usukani kushoto. Gari likagonga chungu kikubwa cha maua cha saruji kilichokaa pembeni ya mlango, taratibu lakini kwa uhakika. Chungu kikalala. Udongo ukamwagika mpaka kwenye ngazi. King'ora cha gari kikaanza kulia, na madirisha ya jengo yakafunguka moja baada ya jingine.

Hakuna aliyeumia. Dereva alishuka akifikicha macho, Mama Bima akashuka upande wa pili, akautazama udongo, akamtazama mlinzi.

"Wote ofisini kwa meneja," alisema. Hakupaza sauti, na kwa sauti aliyokuwa nayo, kutoipaza ndiko kulikotisha.

Ofisini meneja alikuwa anapanga kalamu. Mama Bima alikaa. Saluti alisimama. Dereva alibaki mlangoni, jicho moja limefumba.

"Sasa naomba nielewe," Mama Bima alianza. "Kwanza ulinisusa. Nikaambiwa bega, nikakuletea dawa. Leo unanimulika kama sungura barabarani. Mwanangu, mimi na wewe tuna nini?"

Hapo Saluti aliona maji yamemfika shingoni, na kwamba uongo mwingine ungehitaji uongo wa kuubeba. Akavua kofia. Meneja hakujua atazame wapi, akatazama kalamu.

"Mama, bega langu halina kitu. Naomba unisamehe, na dawa yako iko palepale, sijaifungua. Mimi sijawahi kukupigia saluti. Wala wewe, wala daktari, wala mtu. Nilikuwa na mba, kichwa kilikuwa kinaniwasha, nikitoka juani ndiyo kabisa, basi nilikuwa najikuna kwa kujificha. Watu wakaona saluti. Sasa wifi yangu ameniosha, amenipa brashi, nimepona. Mkono hauna sababu ya kupanda. Leo nilijaribu kuupandisha kwa nguvu, ndiyo haya."

Dereva alifungua lile jicho jingine.

"Sogea," alisema Mama Bima. Saluti akainama. Mama Bima alitazama ile mistari iliyosukwa kwa ulegevu, ngozi safi kati yake, na pale juu ya sikio ambapo vinywele vifupi vilikuwa vinaanza kusimama.

"Miaka yote hii nashusha kioo," alisema polepole, "vumbi linaniingia, nikuitikie kwa kichwa. Na wewe unajikuna."

"Nilikuwa najikuna, mama."

"Kuna siku nilitoka kikaoni nimetukanwa vizuri. Nikafika getini ukanipigia ile saluti. Nikasema moyoni, angalau kuna mtu mmoja anajua mimi ni nani."

Saluti akaishika kofia kwa mikono miwili. "Kukuheshimu nakuheshimu. Ila mkono ule haukuwa na heshima, ulikuwa na shida."

Mama Bima alitazama dirisha. Mabega yake yakaanza kutikisika, na meneja akakimbilia boksi la karatasi laini akidhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka kwa ile sauti yake yote, mpaka watu wa ghorofa ya chini wakasikia, mpaka machozi yakamtoka na wigi lake likasogea upande. Akalirudisha. Kisha akafanya jambo ambalo Saluti alilitambua mara moja: akaupiga utosi wake kwa ncha za vidole, pa pa pa, haraka haraka, akahamia nyuma ya sikio, pa pa pa, macho yamefumba kidogo.

Saluti alisita. Akapiga moyo konde.

"Mama, samahani. Hapo panawasha?"

Meneja alisimama ghafla, akasema anakwenda kuangalia chungu, akamvuta dereva na kufunga mlango nyuma yake.

"Kama moto," alisema Mama Bima. "Na wewe usimwambie mtu. Hicho kidude kinapatikana wapi?"

Jumamosi alikuja saluni mwenyewe, bila dereva, bila suti ya kikubwa, amejifunga kitambaa juu ya wigi. Mama mkwe, ambaye hakuambiwa mgeni ni nani, alimwekea ungo wa maharage mapajani achambue wakati anasubiri zamu yake, akamkosoa kwa kuacha vijiwe. Mama Bima alichambua upya. Wifi alipolitoa wigi na kuona kilichokuwa chini alisema, "Wigi ni nguo, dada yangu. Nguo nayo huvuliwa usiku." Akaeleza mambo yaleyale ya duara ndogo ndogo, ya kisogoni kwanza, ya kutosugua palipochubuka. Brashi ilipofika utosini, mkuu wa kampuni ya bima alilala usingizi juu ya beseni, na alikoroma kwa sauti inayolingana na ile ya ofisini.

Chungu kilisimamishwa upande wa pili wa mlango, mahali ambapo hata zamani kilitakiwa kuwa. Meneja alimwambia Saluti kwamba saluti haitakiwi tena, tafadhali, hasa akiwa na kioo. Asalimie kwa mdomo kama watu wengine. Hilo lilimpa taabu mwanzoni. Alikuwa hajawahi kuwasalimia watu wale. Kwa muda wote aliofanya kazi hapo walipita mbele yake kama ukungu, kwa sababu akili yake yote ilikuwa juu ya sikio la kulia. Sasa aliwaona. Aliona kwamba wakili mmoja hutembea akijisomea hotuba, na ukimsalimia katikati huanza upya. Aliona kwamba daktari wa meno husimama kwenye kioo cha dirisha kukagua meno yake mwenyewe kabla ya kuingia. Akawaamkia mmoja mmoja, sauti ikiwa nzito kidogo, kisha ikazoea.

Jumatatu moja asubuhi gari la Mama Bima lilisimama getini, kioo kikashuka, na kichwa kikatoka, safari hii kimesukwa.

"Jana niliosha," alisema. "Nilianza mbele. Nimekosea?"

"Kisogoni, mama. Kisogoni kwanza. Na ulisuuza vizuri?"

"Mpaka maji yakawa meupe."

"Hapo sawa. Shampuu ikibaki ndiyo inawasha upya."

"Na mafuta?"

"Kidogo, mama. Ya kulainisha, si ya kukaangia."

Nyuma yao magari yalikuwa yamejipanga mpaka barabarani. Mtu akapiga honi, wa pili akamsaidia. Saluti aligeuka, akawaambia wangoje kidogo kuna mazungumzo ya kikazi, akarudi dirishani kumwonyesha Mama Bima, kwa vidole hewani, ukubwa wa duara unavyotakiwa kuwa. Kipenga aliwatazama wote wawili, akatazama foleni, akapiga mluzi mrefu, akaenda kuinua kizuizi mwenyewe.